Banda la muda la kuku wapya: lipi linafaa kazi, lipi ni hasara

Banda la muda la kuingizia kuku wapya lina kazi moja tu: kuwaacha wageni na wenyeji watazamane kutwa, siku kadhaa mfululizo, bila midomo kufikiana. Kazi hiyo inaonekana ndogo mpaka uangalie vinavyouzwa. Kuna vizimba vya waya vilivyotengenezwa kwa ajili ya mbwa, vibanda vya mbao vinavyokuja vipande vipande ndani ya boksi, mabanda ya umbo la A ya kusogezwa kwenye majani, nyavu za umeme, uzio wa paneli fupi za waya, na mwisho kuna mbao na wavu wa kujitengenezea mwenyewe. Hapa vyote vinapimwa kwa kazi hiyo moja. Banda linaweza kuwa zuri la kufugia mwaka mzima na bado likawa baya kwa wiki mbili za kujuana.

Vigezo ni vitatu. Je, wanaonana? Je, mgeni ana mahali pa kujificha asionekane? Na siku ya kuwachanganya, je, unafungua mlango tu wakatoka kwa miguu yao, au ni lazima uwakamate mmoja mmoja? Hiki cha tatu hukikuti kwenye maelezo ya bidhaa yoyote, na ndicho kinachoharibu mambo mara nyingi. Kuku aliyekamatwa, akapiga kelele na kupigapiga mabawa, anaingia kundini akiwa ameshavuta macho ya kila mwenyeji.

Kwa kuku, mgeni haji mwenyeji akapona. Tangu Thorleif Schjelderup-Ebbe wa Norway aeleze ngazi ya kudonoana mwanzoni mwa miaka ya 1920, inajulikana kwamba kila kuku kundini anamfahamu aliye juu yake na aliye chini yake. Mgeni hana nafasi kwenye ngazi hiyo, na nafasi haitolewi bure. Wavu hauondoi ugomvi huo. Unachofanya ni kuwaacha watunishiane manyoya, watishane, wapige waya midomo na kuchoka, ili siku wakikutana ana kwa ana ugomvi uliobaki uwe wa dakika chache.

Karantini kwanza, na si hapa

Wauzaji wengi huandika kwamba banda lao linafaa "kwa karantini na kwa utambulisho". Linaweza kufaa kwa vyote viwili, lakini si kwa wakati mmoja wala mahali pamoja. Karantini inataka umbali: kuku wapya wakae mbali kadiri eneo linavyoruhusu, siku 30 ikiwezekana, wiki mbili ikiwa ndiyo kiwango cha chini kabisa, wakiwa na vyombo vyao wenyewe. Wenyeji wahudumiwe kwanza, wageni mwisho, na viatu vibadilishwe. Wavu wa katikati ya banda hauzuii vumbi, mate ya kupiga chafya wala utitiri, ambao hutembea kwenye mbao bila kuomba ruhusa.

Muda huo ndio wa kukagua: povu kwenye kona ya jicho, pua inayotoa majimaji, mkoromo usiku, magamba ya miguu yaliyonyanyuka, chawa na mayai yao kwenye manyoya yanayozunguka njia ya haja, kinyesi chenye damu. Chochote kati ya hivyo kikionekana, saa ya kuhesabu inaanza upya baada ya tiba.

Kama una kizimba kimoja tu, kitumie mara mbili. Karantini kule mbali, kioshwe, kikauke juani, halafu ndipo kiletwe karibu na kundi. Hii ni sababu mojawapo ya kutaka kitu kinachobebeka.

Kizimba cha waya cha kukunjwa

Ndicho kinachoshinda kwa kuku wawili, na kwa kuku wawili tu. Ukubwa unaouzwa sana hutajwa kwa inchi za urefu. Cha inchi 36 kina takribani sentimita 91 kwa 58, cha 42 kina 107 kwa 71, na cha 48 kina 122 kwa 76, kimo chake kikiwa kama sentimita 84. Tukichukua mita za mraba 0.37 kwa kuku mmoja, kipimo ambacho wafugaji wengi hukitumia kwa ndani ya banda, cha 36 kinatosha kuku mmoja na kubaki kidogo. Cha 42, chenye mita za mraba 0.76, kinatosha wawili bila nafasi ya kiota. Cha 48 kinafika 0.93, yaani wawili pamoja na kiota kimoja. Na kwa kuwa kuku mpya haingizwi peke yake (akiingia mmoja, adha yote inamwangukia yeye), cha 36 kiondoe kwenye hesabu mara moja. Kama wageni wanataga au wako karibu kutaga, nunua cha 48.

Chagua chenye milango miwili, mmoja mbele na mmoja ubavuni. Mlango wa mbele unabaki wako wa kuingiza maji na chakula. Wa ubavuni unaelekezwa uwanjani, na siku ya kuchanganya unaufungua, unaufunga nyuma kwa waya usijirudie, halafu unakaa pembeni. Kigezo cha tatu kinatimia bila mtu kumgusa kuku.

Kinavyokuja dukani hakijawa tayari, lakini marekebisho ni machache. Sinia ya plastiki ya chini ina ukingo mfupi wa sentimita mbili au tatu, kwa hiyo ukimwaga maranda ya sentimita 5, siku ya kwanza tu yatakuwa nje. Kata vipande vya plaiwudi vya sentimita 15 kwenda juu, vizungushe ndani na uvifunge kwenye nondo kwa vifungo vya plastiki. Ufito wa kulalia upitishe kutoka ubavu hadi ubavu, sentimita 20 hadi 25 kutoka sakafuni, upana wa juu sentimita 4 au 5, kingo zimepigwa msasa. Ukiuweka juu zaidi, kuku anasimama kichwa kikigusa dari na halali vizuri. Usiuweke juu ya maji wala chakula, kwa sababu kuku hunya sana usiku akiwa amelala.

Kisha upande mmoja mfupi, na robo ya upande mrefu inayopakana nao, vifunike kwa plaiwudi au gunia nene. Hiyo ndiyo kona ya kujificha. Watu wengi huiacha wakidhani kuonana zaidi ni bora zaidi. Mgeni anayetazamwa pande zote nne kutwa nzima huacha kula, na kuku aliyeacha kula huingia kundini akiwa dhaifu. Sehemu kubwa wazi na kona moja imefichwa ndiyo kipimo kizuri.

Kasoro kubwa ya kizimba hiki iko kwenye nafasi kati ya nondo. Kwa vizimba vya mbwa nafasi hiyo mara nyingi ni sentimita 3 hadi 4, na kichwa cha kuku kinapita hapo. Kikipita, upanga wa kichwani unararuka, damu inatoka, na kwa kuku rangi nyekundu inayong'aa ni mwaliko wa kuendelea kudonoa. Zungushia wavu uliochomelewa wa matundu ya milimita 13 kuanzia chini hadi sentimita 60 kwenda juu, upande wowote ambao wenyeji wanafika. Ubane kwa vifungo vya plastiki kila baada ya sentimita 15, na ncha zilizokatwa zielekee nje, kisha zikunjwe. Ukimaliza, pitisha kiganja ndani polepole. Kinachokukwaruza wewe kitamkwaruza kuku.

Jambo la pili ni usalama wa usiku. Kizimba hiki hakikujengwa kuzuia mnyama mwindaji. Makomeo yake ni ya kusukuma tu, hulegea baada ya kukunjwa na kukunjuliwa mara kadhaa, na mnyama mwenye vidole huyafungua. Mwenye makucha marefu haoni haja ya kufungua, anavuta kilicho karibu na nondo. Basi kikae ndani ya banda linalofungwa au ndani ya uwanja wenye paa na wavu imara. Kikibaki nje peke yake usiku, hata ukiweka kufuli, umejidanganya.

Maji ndiyo yanayosahaulika. Vikombe vya kuning'iniza vinavyouzwa pamoja na vizimba ni vya ndege wadogo au mbwa wadogo, na huchukua mililita 300 hivi. Kuku mmoja anayetaga hunywa robo lita kwa siku ya kawaida na hufika nusu lita joto likizidi, kwa hiyo kikombe kimoja kwa kuku wawili kinakauka kabla ya jioni. Weka chombo cha lita 2, kinyanyuliwe hadi usawa wa mgongo wa kuku. Chakula ni kama gramu 120 kwa kuku kwa siku. Juu ya kizimba weka turubai inayofunika dari na pande mbili tu, ukiacha hewa ipite. Kuku anayehema mdomo wazi, mabawa yameachana na mwili, amezidiwa na joto, na waya uliofunikwa pande zote huchangia.

Rangi ya juu ya waya hubanduka kwenye viungo vya kukunjia, kutu inaanzia hapo. Sinia nazo hupasuka pembeni zikikaa juani muda mrefu. Hayo ni madogo. Kizimba hiki kinapata sifa nyingine kwa kuwa hakikai bure baada ya wageni kuzoea: kinatumika kumtenga mgonjwa, kumfungia mbabe wa kundi kwa siku mbili tatu, na kumwachisha kuatamia kuku anayekalia kiota kitupu. Kwa huyo wa mwisho toa sinia, abaki juu ya waya wa chini, kizimba kikiwa kimeinuliwa juu ya matofali mawili ili hewa ipite chini ya tumbo lake.

Kizuizi cha wavu ndani ya banda lenyewe

Kuku wapya wakizidi wawili, acha kutafuta dukani. Hakuna kinachouzwa kinachoshinda kona ya banda iliyotengwa kwa paneli mbili za mbao na wavu. Wageni wanalala chini ya paa lile lile, wanazoea mlango na taa na sauti, na siku ya kuchanganya kinachobadilika ni kimoja tu, wavu umeondoka.

Vipimo vinavyokwenda vizuri ni hivi. Tengeneza paneli moja ya sentimita 180 kwa 90 na ya pili ya sentimita 90 kwa 90, zote kwa mbao za milimita 50 kwa 25. Wavu uliochomelewa wa milimita 13 huuzwa kwa upana wa sentimita 90, kwa hiyo hukati upana hata kidogo. Paneli ndefu inakula mbao mita 6.3: mbili za 180, tatu za 90, moja kati ya hizo ikiwa ya katikati ili fremu isipinde. Ukiziegemeza kwenye kona ya banda, ukuta ukiwa pande mbili na paneli pande mbili, unapata mita za mraba 1.62. Hapo kuku wanne wanakaa kwa wiki mbili bila kubanana.

Wavu upigwe pini za U kila sentimita 5, halafu juu yake upigwe ubao mwembamba. Ubao huo si urembo. Kuku hawang'oi pini, ila panya na wanyama wanaosukuma kwa pua huanzia pale pini zilipoachana. Wavu wa pembe sita, ule mwepesi unaouzwa kwa jina la wavu wa kuku, unatosha kutenganisha kuku na kuku endapo banda la nje ni imara. Usiutegemee kwa ukuta wa nje, mbwa anauchana.

Paneli fupi iwe na bawaba zenye pini ya kuchomoka, ili paneli nzima iwe ndiyo mlango. Mlango mdogo wa sentimita 30 uliokatwa katikati ya paneli ni mtego: mwenyeji mmoja mkali husimama pale na hakuna mgeni anayepita. Paneli nzima ikifunguka, upana wake ni sentimita 90, na mbabe hawezi kuilinda yote.

Kwa kuwa paneli hizi zina kimo cha sentimita 90, lazima ziwe na dari. Kuku mwepesi huruka juu zaidi ya hapo bila taabu, hasa akianzia kwenye ufito. Wavu mwepesi uliotandazwa na kufungwa pembeni unatosha. Chini weka ubao wa sentimita 15 kuzuia matandazo yasichanganyike, na kona moja ya plaiwudi ya sentimita 60 kwa 60 ya kujifichia.

Fito za kulalia za pande zote mbili ziwe kimo sawa. Wageni wakilala juu kuliko wenyeji, wenyeji hawatulii, na siku ya kwanza watapigania ule ufito kabla ya kitu kingine. Ncha za fito ziishie sentimita 20 kabla ya wavu. Zikigusa wavu, wanaolala mwisho wanadonoana upanga alfajiri, kabla hujaamka.

Upungufu wake upo. Haifai kwa karantini, haihamishiki kirahisi, na kama banda lako limejaa tayari, kumega mita moja na nusu kwa wiki mbili kunawabana wenyeji, na kuku waliobanwa ni wakali. Piga hesabu kabla ya kukata mbao: baada ya kuondoa kona ya wageni, wenyeji wabaki na nafasi yao ya 0.37 kila mmoja na sentimita 20 za ufito. Isipotosha, tumia kizimba nje, uwanjani.

Vibanda vya mbao vya ndani ya boksi

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Picha inaonyesha nyumba nzuri yenye kiota ubavuni, ngazi na kauwanja chini. Maelezo yanasema kuku wanne hadi sita. Chukua futi kamba badala ya kuamini. Ondoa kiota, kwa sababu kiota si eneo la kuishi, na ondoa kauwanja kama usiku hakafungwi vizuri. Chumba cha sentimita 70 kwa 60 kilichobaki ni mita za mraba 0.42, yaani kuku mmoja wa ukubwa wa kawaida. Maelekezo ya Umoja wa Ulaya 1999/74/EC, yaliyoandikwa kwa mashamba ya biashara yanayobana kila sentimita, hayaruhusu kuku wa mayai wasio vizimbani kuzidi 9 kwa mita ya mraba, na kila mmoja apewe ufito wa sentimita 15. Hata kwa kipimo hicho cha ubanaji, chumba kile ni cha kuku watatu. Sita ni idadi ya kuuzia.

Mbao zake ni nyembamba, mara nyingi milimita 10 hadi 12, na skrubu hushika mara moja tu. Ukikibomoa ili ukihifadhi, mara ya pili matundu yamelegea. Hilo peke yake linakiondoa kwenye kundi la vitu vya muda, maana cha muda lazima kivunjwe na kusimamishwa tena. Ufito wake mara nyingi uko chini kuliko mlango wa kiota au usawa nao. Kuku hulala mahali pa juu kabisa panapopatikana, kwa hiyo watalala kiotani, wakinya humo, na watahamia kundini na tabia hiyo mbaya.

Lililo zito zaidi ni utitiri mwekundu. Hujificha mchana kwenye nyufa na chini ya paa la lami lililobandikwa juu ya ubao, hutoka usiku kunyonya damu, na ukikosa kuku unaweza kuishi miezi kadhaa bila kula. Kibanda kilichotumika msimu uliopita, kikakaa stoo kitupu, kinaweza kumpokea mgeni msafi na kumkabidhi utitiri. Kagua kwa kupitisha karatasi nyeupe chini ya ufito usiku: madoa mekundu yakibaki, wamo. Kama tayari unacho kibanda hicho, ng'oa lile paa la lami, weka bati au plastiki, ziba nyufa, kitumie kwa kuku wawili tu, ingawa watabanana kidogo. Cha kununua kipya kwa ajili ya utambulisho, hapana.

Vya plastiki nzito viko mbele kwa usafi, vinaoshwa kwa maji ya presha na utitiri haupati nyufa nyingi. Ila kuta zao hazionyeshi ng'ambo: wageni wanaonana na wenyeji pale tu wanapotoka kwenye kauwanja. Vinafaa endapo kauwanja hako kamewekwa ubavu kwa ubavu na uwanja wa kundi.

Banda la umbo la A la kusogezwa

Ni zuri kama kundi lako hutembea nje kutwa. Unaliweka katikati ya malisho, wenyeji wanapitapita, wanachungulia, wanaondoka. Hakuna anayelazimishwa kukaa na mwenzake, na ugomvi wa kwenye wavu hupoa haraka.

Ukubwa wake nao unadanganya, ingawa si kwa nia mbaya. Banda la upana wa mita 1.2 na urefu wa mita 2.4 lina mita za mraba 2.88 kwenye karatasi. Kuta zikiinama kwa nyuzi 60, kimo cha sentimita 40, ambacho kuku anakihitaji asimame, hakipatikani mpaka uingie sentimita 23 kutoka kila upande. Upana unaotumika unabaki sentimita 74, na eneo linashuka chini ya mita za mraba 1.8.

Lisogezwe kila siku, la sivyo majani yanakwisha na udongo unakuwa matope ya kinyesi. Kwenye ardhi yenye mabonde madogo linaacha mwanya chini. Mwanya ambao ngumi yako inapita unatosha mnyama mdogo mwindaji. Tandaza wavu wa sentimita 30 chini, nje, kuzunguka pande zote, ulale bapa juu ya ardhi na ushikiliwe kwa vigingi: anayechimba huanzia ukutani, anakuta wavu na hajui kurudi nyuma hatua moja.

Nyavu za umeme na uzio wa paneli

Wavu wa umeme, wenye kimo cha kama mita 1.1, ni kifaa bora cha kulinda kundi dhidi ya wanyama wa ardhini. Kwa kutambulishana haufai. Manyoya humkinga kuku, lakini upanga na ndevu ni ngozi tupu, na hivyo ndivyo vinavyotangulia anapochungulia. Kuku mdogo hupenya kwenye matundu, au, vibaya zaidi, hunasa humo huku umeme ukipiga. Uzime umeme na kilichobaki ni wavu laini unaoruhusu midomo kufikiana.

Uzio wa paneli nane za waya, ule wa wanyama wadogo wa nyumbani, hauna paa wala sakafu. Peke yake si banda. Ukiunganishwa na mlango wa ubavuni wa kizimba unakuwa ua wa mchana wa wageni, na hapo unastahili bei yake. Funika juu kwa wavu mwepesi.

Siku ya kufungua

Siku 7 hadi 14 za kutazamana zinatosha makundi mengi. Kalenda isikutawale. Dalili ya kuaminika ni wenyeji kula karibu na wavu, wakiwapa wageni mgongo, bila kugeuka. Wakiendelea kukimbilia wavu na kupiga kila mgeni anapokaribia, ongeza siku.

Fungua asubuhi ya siku ambayo utakuwepo, kundi likiwa limeshakula. Ongeza chombo cha pili cha chakula na cha pili cha maji, mita 2 au zaidi kutoka vya kwanza, kwa sababu mbabe mmoja hawezi kulinda sehemu mbili. Egemeza mbao au paleti ukutani ili mgeni apite nyuma yake, na kila maficho yawe na njia mbili za kutokea. Maficho yenye mlango mmoja huwa mahali pa kuuawa. Kizimba chenyewe kiachwe wazi pale pale. Kama wageni ni wadogo kuliko wenyeji, punguza mlango hadi upana ambao wao wanapita na kuku mkubwa kuliko wote hapiti. Hapo wamepata kimbilio lao.

Kudonoa mara moja na kufukuza hatua chache ni kawaida, usiingilie. Ingilia damu ikionekana, mgeni akilala chini huku akipigwa bila kuinuka, au wenyeji wawili watatu wakimwandama mmoja kwa pamoja. Mara nyingi mkosaji ni kuku mmoja. Mfungie huyo kizimbani siku mbili au tatu, wageni wabaki kundini. Akirudi, yeye ndiye anayeanza upya.

Mbinu ya kuwapenyeza wageni kwenye fito usiku husaidia kama wameshajuana kwa wavu. Bila wavu haisaidii kitu, maana kuku hawasahau kuhesabu sura kulipokucha.

Kuna suala la chakula ambalo banda la muda linalificha mpaka siku ya kuchanganya. Matetea ambao hawajafikia umri wa kutaga hawapaswi kula chakula cha kuku wanaotaga kwa muda mrefu, kwa sababu kina kalisiamu karibu asilimia 4, na ziada hiyo huumiza figo zao. Wakati wametengwa ni rahisi, kila upande na chake. Wakichanganyika, mpe kila mmoja chakula cha kuku wanaokua, na weka maganda ya chaza au chokaa ya mifugo kwenye chombo tofauti. Wanaotaga watakwenda kuchukua wenyewe, wadogo wataonja na kuacha.

Kukihifadhi

Kizimba kisafishwe kabla ya kukunjwa. Kwanza kwangua kikavu, kisha brashi na sabuni, kisha suuza, kikauke, ndipo upake dawa ya kuua vijidudu. Dawa ikimwagwa juu ya kinyesi inaishia kwenye kinyesi. Ujue pia kwamba mayai ya koksidia, vimelea vya utumbo wa kuku, hayashindwi na dawa nyingi za kawaida, hata zenye klorini. Yanashindwa na ukavu na joto, kwa hiyo siku kadhaa za jua kali zina nguvu kuliko chupa nyingi. Plaiwudi ya pembeni ni bei ndogo: ichome, ukate nyingine msimu ujao. Vifungo vya plastiki vikatwe vyote na kuhesabiwa, kwa sababu kuku humeza chochote kinachong'aa chini. Sinia isimamishwe wima, isiwekewe kitu juu, la sivyo itarudi ikiwa imepinda na haiingii tena kwenye njia zake.